Mkimbizi na Hospitali ya Serikali

Tangu nilipovuka mpaka wa Bunagana katika mwezi wa Juni, 2022, hakuna neno nililolisikia mara nyingi kama neno "kustahili". Nani astahili turubai? Nani astahili mahindi? Nani astahili kadi? Lakini katika yote hayo linalosumbua watu zaidi ni kustahili kutibiwa, maana mtu akikosa turubai atajikunyata ukumbini kwa mwenziwe, na akikosa mahindi ataomba kibaba kwa jirani, bali akikosa dawa jirani hana la kumsaidia. Nimeona heri nilieleze jambo hili katika gazeti letu, kwa sababu nimesikia humu humu bwenini watu wakilisema kinyume. Wengine husema mkimbizi hutibiwa kama mfalme, na wengine husema hatibiwi kabisa.

Mimi ni mzaliwa wa Rutshuru, nchi ya Kongo, na umri wangu sasa ni miaka 19. Waasi wa M23 waliutwaa mji wa Bunagana tarehe 13 Juni, 2022, nasi tulikuwa miongoni mwa maelfu walioingia wilaya ya Kisoro kwa miguu. Tulikuwa watu watano: mama, wadogo zangu wawili, mimi, na nyanya, yaani mama yake mama. Tulichukuliwa mpaka Nyakabande, ambapo ni mahali pa kupitia tu kabla ya kupelekwa kwenye makazi. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jinsi mgeni anavyopokewa na waganga. Mdogo wangu wa mwisho alifungwa mkononi utepe wenye rangi tatu. Kijani ni salama, njano ni ya kuangaliwa, na nyekundu, yaani mkono usiofika sentimita 11.5 kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, ni mtoto wa kuanzishiwa chakula cha dawa siku ile ile. Wake ulisimama kwenye njano. Watoto walichanjwa surua, wakatiwa matone ya polio mdomoni. Nyanya alipimwa presha, na nesi aliyempima alitazama ile saa ya kipimo, akapima tena, kisha akamwambia asisimame, aletewe maji.

Nataka wasomaji waliangalie jambo moja hapo. Wakati ule hatukuwa tumeandikishwa. Hatukuwa na karatasi yo yote ya Uganda, wala alama za vidole vyetu hazijachukuliwa. Hata hivyo hakuna aliyetuuliza, "Karatasi iko wapi?" kabla ya kumshika mgonjwa. Nimekwisha kusikia watu wakisema kwamba karatasi ya familia ndiyo inayomfungulia mkimbizi mlango wa hospitali. Sivyo. Katika Uganda malipo kwenye vituo vya afya vya serikali yaliondolewa mwezi wa Machi, 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali, na anayeingia kituoni, awe mwenyeji au mgeni, hutibiwa bure. Tena nchi hii ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao kifungu chake cha 23 chasema kwamba mkimbizi akaaye nchini kwa halali apewe misaada ya umma sawa na raia. Baadaye ikatungwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Na kwa sisi Wakongo njia ilikuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa tulipokewa kwa jumla. Hatukutakiwa mmoja mmoja kuthibitisha tulichokikimbia. Karatasi ya familia ina kazi yake, kama vile kupata kiwanja na posho. Mgonjwa anapotakiwa kupelekwa mbali kwa gari la shirika, hapo nayo huulizwa. Lakini kwa homa na kidonda haiulizwi.

Basi mtu aweza kusema, kama ni hivyo, kuna shida gani tena?

Shida niliijua Nakivale. Makazi hayo, katika wilaya ya Isingiro, ni ya tangu mwisho wa miaka ya 1950, na wamepita humo watu wa mataifa mengi. Kila likizo mimi hukaa katika kituo kimoja cha afya nikiwafasiria wagonjwa, maana waganga wengi wasema Kinyankole na Kiingereza, na wagonjwa wengi wasema Kiswahili chetu cha Kongo. Kazi yenyewe haina mshahara, ila hunipatia chai. Nimefasiria malaria zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Na maneno ambayo ni rahisi kuliko yote kuyafasiri, kwa kuwa hayana haja ya kamusi, ni haya: "Dawa hakuna. Kanunue." Mganga huyaandika katika daftari la mgonjwa. (Kila mtu huja na daftari lake la shule la kurasa chache, ukienda bila daftari utarudishwa dukani kulinunua, na hilo nalo ni gharama.)

Dawa za serikali huletwa kwa zamu, mara 6 kwa mwaka. Vidonge vyake vimepigwa herufi UG ili visiuzwe madukani. Gari likishafika, wiki mbili tatu za kwanza watu huvipata bila taabu. Kisha mrundo hushuka. Vya malaria huongezewa na mashirika, kwa hiyo huchelewa kwisha. Vinavyotangulia kwisha ni vile vya magonjwa ya kudumu, kama vya presha na vya sukari, ambavyo mtu humeza kila siku mpaka afe. Nyanya yangu astahili vidonge 30 kwa mwezi. Nimeona akipewa 30, nimeona akipewa 14, na nimeona akipewa daftari lake tu. Siku ya daftari hulifunga katika kanga, akasema, "Mungu ashukuriwe, wameniandika," kama kwamba kuandikwa ni nusu ya kupona. Mimi nampenda nyanya lakini katika hilo sikubaliani naye hata kidogo.

Mwaka huu rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa Isingiro, alinikabili juu ya habari hizi tulipokuwa tukifua nguo mtoni. Alisema, "Ndugu, ninyi mna bahati. Kwenu kuna gari la wagonjwa. Mama yangu alipokuwa na uchungu wa kuzaa alipakiwa kwenye bodaboda usiku, akateremkia kwenu, kwa kuwa kituo chetu hakina taa." Nilitaka kumjibu, nikanyamaza, maana ni kweli. Katika benchi la kituo chetu wenyeji na wakimbizi huketi pamoja, na mwenye haraka ya kufa ndiye hutangulizwa. Wala dawa haiishi kwa mkimbizi ikabaki kwa mwenyeji. Huisha kwa wote saa ile ile. Rafiki yangu na mama yake wastahili kama sisi, tena nchi ni yao, na walipofika hapo siku nyingine waliandikiwa "Kanunue" kwa kalamu ile ile. Nimelifikiri sana jambo hilo. Mkataba umesema "sawa na raia". Uganda imefanya hivyo, nami naiheshimu kwa hilo kuliko nchi nyingi tajiri. Lakini ukifanywa sawa na mtu asiye na dawa, nawe huna dawa.

Nina mjomba ambaye amelionja jambo hili katika nchi mbili. Yeye alikimbia kabla yetu, katika vita vya M23 vya mwaka 2012, naye ndiye aliyetupokea Nakivale na kutugawia nusu ya nyumba yake. Alikuwa akichukua magunia ya mahindi sokoni. Kazi hiyo ilimpa ngiri. Kwa wasioujua ugonjwa huu, utumbo hupenya mahali palipo dhaifu katika ukuta wa tumbo, ukatokeza uvimbe kinenani. Ukirudi ndani mtu akilala, hana hatari ya siku ile. Ukinaswa nje hata damu isipite, mtu hufa asipopasuliwa upesi.

Daftari la mjomba liliandikwa maneno mazuri sana. Liliandikwa kwamba apelekwe hospitali kubwa akapasuliwe. Hospitali ikamwandika, ikamwambia angoje, maana ngiri yake ilikuwa ikirudi ndani, na fedha za kupeleka wagonjwa mbali hutumiwa kwanza kwa wale ambao kesho watakuwa maiti. Siwezi kuwalaumu waliopanga hivyo. Mwenye fedha kidogo hana budi kuchagua, na mama aliyekwama katika kuzaa ampite mwenye ngiri. Lakini fikirini maana yake: mjomba alikuwa akingoja mpaka ugonjwa wake uwe wa kumwua, ndipo astahili kweli. Alingoja miaka minne. Akaacha magunia, akawa mshona viatu.

Mwezi wa Oktoba, 2024, jina lake lililokaa kwenye orodha miaka mingi likatoka, naye na mkewe wakapelekwa Marekani, katika jimbo la Texas. Habari zake twazipata kwa simu. Hutuma sauti kila Jumapili, na nyanya huzisikiliza mara tatu tatu.

Huko mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Mtu hutibiwa kwa bima. Kwa maskini ipo bima ya serikali iitwayo Medicaid, lakini kila jimbo huiendesha na masharti yake, na Texas ni mojawapo ya majimbo 10 yaliyokataa kuipanua. Kwa hiyo mtu mzima ambaye si mzee, si mlemavu, hana mtoto wala mimba, haipati hapo Texas hata akiwa hana senti. Mjomba hana mtoto. Kwa watu kama yeye umewekwa msaada wa peke yake wa matibabu, uliotokana na sheria ya wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980. Aliulizwa siku aliyoingia nchini, na jina la shirika lililompokea, na kipato chake siku ya kuomba. Alikuwa hana kipato, akakubaliwa, akaambiwa kwamba msaada ni wa miezi 12.

Nawaomba wenzangu wenye jamaa huko wayashike mambo mawili. La kwanza, miezi hiyo kwa mkimbizi huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, wala si tangu siku anapopokea kadi. Kadi ya mjomba ilifika baada ya wiki 5; wiki hizo zilikuwa zimekwisha kuliwa. La pili, mtu akipata kazi baada ya kukubaliwa, mshahara huo haumnyang'anyi msaada kabla muda wake haujaisha. Mjomba alitishwa na majirani kwamba akifanya kazi atapokonywa kadi, akakataa kazi ya ghala kwa mwezi mzima, mpaka mtu wa shirika alipomsomea kanuni.

Daktari wa huko alizungumza naye kwa mkalimani wa simu, Mswahili wa pwani kwa sauti yake. Mkalimani akamwuliza, "Bwana, una ngiri tangu lini?" Sasa sisi wa Rutshuru, karibu na hifadhi ya Virunga, tukisikia ngiri twajua ni yule mnyama mwenye pembe za mdomoni, na ugonjwa huo twauita mshipa. Mjomba akajibu kwamba hajapata kufuga ngiri, wala hakuna ngiri aliyemwuma. Ilichukua muda mrefu kwa daktari kufahamu kwa nini mgonjwa wake na mkalimani wanacheka. Baada ya hapo akapelekwa kwa mpasuaji, akangoja zamu. Alipasuliwa mwezi wa Julai, 2025, asubuhi, na jioni ile ile alikuwa nyumbani. Miaka minne kwa upande mmoja, na asubuhi moja kwa upande mwingine! Nyanya alilia.

Lakini hesabuni. Oktoba mpaka Julai ni miezi 9. Muda wa msaada huo umekuwa ukivutwa na kulegezwa kama kamba ya mbuzi. Sheria ya 1980 iliruhusu mpaka miezi 36. Tangu 1991 ukawa miezi 8. Waliostahili kuanzia tarehe 1 Oktoba, 2021 wakapewa 12. Na waliostahili kuanzia tarehe 5 Mei, 2025 wamewekewa miezi 4. Mjomba alikuwa ameingia kabla, hivyo 12 zake hazikuguswa. Kama angaliingia baada ya tarehe hiyo, muda wake ungalikwisha angali akingoja mpasuaji, naye angalibaki na ngiri yake Texas kama alivyokuwa nayo Nakivale, pamoja na daftari lenye maneno mazuri.

Huenda mtu akasema kwamba kanuni hiyo yawahusu watu wachache, maana safari za wakimbizi kwenda Marekani zilisimamishwa mwezi wa Januari, 2025. Kweli zilisimamishwa, jirani zetu walikuwa wamekwisha kugawa masufuria yao wakijua wanaondoka, na iliwapasa kupita nyumba kwa nyumba kuyaomba tena. Lakini kanuni yawahusu pia waliopewa hifadhi wakiwa huko huko. Tena, sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai, 2025 imesema kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba, 2026 mkimbizi hamo katika orodha ya wanaostahili ile Medicaid mpaka awe na kadi ya ukaazi wa kudumu, ambayo huruhusiwa kuiomba baada ya kukaa mwaka mmoja. Yaani mwaka ule wa kwanza, ambao mtu yu mgeni kuliko miaka yake yote, hajui lugha wala njia ya basi, na mwilini ana magonjwa aliyoyachukua kambini, ndio mwaka anaotolewa. Mimi naona wamepindua. Rafiki yangu wa Isingiro, nilipomwambia, aliuliza kama raia maskini wa Texas hupata. Nikasema asiye na mtoto hapati. Akasema, "Basi na huko mmefanywa sawa na raia." Nilikasirika, na mpaka leo sijapata jibu la kumtosha, ila hili: mwenyeji ana nduguze na shamba na lugha yake, na mgeni wa mwezi wa kwanza hana kitu cho chote kati ya hivyo, kwa hiyo mizani ya siku za kwanza haiwezi kuwa ile ile.

Kwetu Nakivale nako mwaka 2025 haukuwa mwema. Misaada ilipopunguzwa, wauguzi wawili wa kituo chetu waliondoka, na wafasiri waliokuwa wakilipwa wakaachishwa, ndiyo sababu likizo iliyopita nilikuwa kituoni kutwa, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Mlango haukufungwa. Kila aliyekuja alionwa na kuandikwa.

Kadi ya mjomba ilikwisha mwezi wa Oktoba, 2025. Katika kupimwa kule kwa mara ya kwanza waliona kwamba naye ana presha, kama mama yake. Kidonge chenyewe asema huko si ghali. Ghali ni kumwona daktari wa kukiandika. Ghalani alipoajiriwa ipo bima, lakini sehemu atakayokatwa katika mshahara ni kubwa, na kila mwezi hutoa humo fedha za kumnunulia nyanya vile vidonge ambavyo kituo chetu hukosa. Viko huko vituo vya afya vya jamii vinavyotoza mtu kwa kadiri ya kipato chake, na mjomba amepewa siku ya kwenda kwenye kimoja, wiki sita toka sasa. Nyanya aliposikia wiki sita aliniagiza nitafute jina la dawa yake katika daftari, nimpelekee mjomba kwa herufi kubwa, ili asianze upya kujieleza kwa mkalimani. Nimelitafuta. Liko kwenye ukurasa wa tatu, juu kidogo ya mahali palipoandikwa "Kanunue".